Chumvi, glavu na mikono yako: Somo kutoka Kiamaiko

Na Daktari Wako

Jumatatu moja asubuhi, kijana wa miaka 24 aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa ameuficha mkono wa kulia ndani ya mfuko wa koti. Kazi yake ni kutia chumvi ngozi za mbuzi huko Kiamaiko, mara tu zinapochunwa. Alipoutoa mkono, niliona kidole cha shahada kimevimba na kutunga usaha. Viganja vyote viwili vilikuwa vimepasuka kama udongo wa shamba wakati wa kiangazi.

"Daktari, mimi huvaa glavu," aliniambia kabla sijamuuliza lolote. "Na vidonda nimekuwa nikivitia chumvi kila jioni. Sasa kosa langu ni lipi?"

Msomaji mpendwa, swali hilo ni la haki kabisa. Kijana huyu hakuwa mzembe. Alijikinga kwa bidii, lakini kwa njia iliyobomoa kinga yenyewe. Alikuwa pia na homa ya jioni ambayo nitaieleza baadaye, kwani ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Lakini ili tufahamu kosa lake, hebu kwanza tuone chumvi hufanya nini inapokutana na kitu chembamba kama ngozi au glavu.

UTANDO NI MINYORORO ILIYOSHIKANA

Ngozi ya mbuzi, glavu ya daktari, ngozi ya mkono wako, na hata pakiti ya plastiki ambamo chumvi huuzwa dukani, zote ni tando. Kwa macho ni vitu tofauti kabisa. Kwa mwanakemia, zote zimejengwa kwa namna moja. Kila utando ni mkusanyiko wa minyororo mirefu sana, ambayo pete zake ni vipande vidogo vinavyojirudia mara mamia au maelfu. Minyororo hii huitwa polima. Mjerumani Hermann Staudinger alitoa hoja hiyo mwaka 1920. Wataalamu wengi wa wakati wake walimpinga, lakini mwaka 1953 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Nguvu ya utando hutegemea mambo mawili: urefu wa minyororo, na jinsi minyororo hiyo inavyoshikana. Isiposhikana vya kutosha, utando huwa mlegevu na huraruka. Ikishikana kupita kiasi, utando hukakamaa na kukatika ukikunjwa. Utando mzuri uko katikati: unavutika, kisha unarudi mahali pake.

Chumvi huingia hapo kwenye kushikana. Yaweza kuifunga minyororo pamoja, yaweza kuiachanisha, au yaweza kuyafukuza maji yaliyo katikati yake. Itafanya lipi kati ya hayo hutegemea ni chumvi gani na ni kiasi gani.

CHUMVI SI MOJA

Watu wengi wakisikia neno chumvi hufikiria ile ya mezani peke yake. Katika kemia, chumvi ni kitu chochote kilichoundwa kwa chembe zenye chaji chanya na nyingine zenye chaji hasi. Chumvi ya kula ni sodiamu na kloridi. Magadi nayo ni chumvi, na ndani yake mna sodiamu na kaboneti. Yale maji ya kisima yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika yana chumvi za kalsiamu.

Mama anayepika githeri mjini Nairobi anaijua tofauti hii bila kwenda maabara. Maharagwe yakichemshwa kwa maji magumu ya kisima hukaa jikoni saa nyingi na bado huwa magumu. Akitia magadi kidogo, yanalainika upesi. Siri iko katika pektini, polima inayogandisha seli za maharagwe pamoja. Chukulia kwamba chembe ya kalsiamu ina mikono miwili: huushika mnyororo mmoja kwa mkono huu na mwingine kwa mkono ule, na ukuta wa seli unakuwa mgumu. Chembe ya sodiamu ina mkono mmoja tu. Inaposhika nafasi ya kalsiamu, hakuna tena wa kuunganisha minyororo miwili. Ukali wa magadi nao huikatakata pektini, na punje inalainika.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1888, mjini Prague, profesa Franz Hofmeister alitia chumvi za aina mbalimbali katika ute wa yai. Aliona kwamba baadhi huugandisha ute kwa urahisi na nyingine huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Alizipanga kwa safu kufuatana na nguvu zao, na mpaka leo wanafunzi wa kemia husoma safu hiyo.

Kwa hiyo msomaji, ukiambiwa "chumvi huhifadhi" au "chumvi huharibu", uliza kwanza: chumvi ipi, kiasi gani, na juu ya utando upi?

NGOZI YA MBUZI

Sasa twende Kiamaiko. Mtaa huu unajulikana Nairobi nzima kwa nyama ya mbuzi, na wengi wa mbuzi hao huletwa kwa malori kutoka kaskazini mwa nchi. Mbuzi akishachinjwa na kuchunwa, ngozi yake huanza kuoza kwa muda wa saa chache tu. Karibu theluthi mbili za ngozi hiyo mbichi ni maji, na bakteria hupenda majimaji.

Polima iliyo kuu katika ngozi ni kolajeni, ambayo nyuzi zake husokotana tatu tatu kama kamba ya katani. Ndiyo hiyo hiyo inayoifanya supu ya miguu ya mbuzi igande ikipoa. Chumvi ya kawaida ikitandazwa juu ya ngozi, kwa kiasi kinachokaribia nusu ya uzito wake, huyanyonya maji na kuyatoa nje. Bakteria wengi hukosa maji na kushindwa kuzaana.

Chumvi hufanya na jambo la pili. Ngozi ikianikwa juani bila chumvi, nyuzi zake hugandamana zikawa ngumu kama ubao, na baadaye ni kazi kubwa kuilowesha. Chembe za chumvi hukaa katikati ya nyuzi na kuzizuia zisigandamane. Ndiyo maana ngozi iliyotiwa chumvi hubaki ikikunjika, na kiwandani hurudi hali yake ya mwanzo ikiloweshwa.

Lakini kumbuka: sodiamu ina mkono mmoja. Haikuifunga minyororo ya kolajeni, imeyafukuza maji tu. Ngozi hiyo ikinyeshewa na mvua hadi chumvi itoke, itaoza kama nyingine yoyote.

Kazi ya kufunga minyororo hufanywa kiwandani kwa chumvi nyingine. Iliyoenea zaidi duniani ni chumvi ya kromiamu, ambayo hujishikiza kwenye nyuzi kadhaa za kolajeni kwa pamoja na haitoki kwa urahisi. Ngozi mbichi ikitiwa katika maji ya nyuzi joto 60 na kidogo hivi hunywea na kujikunyata. Iliyokwisha kutengenezwa kwa kromiamu huweza kustahimili hata maji yanayochemka. Shabu pia ni chumvi inayotumika kutengeneza ngozi tangu zamani, na huifanya ngozi iwe nyeupe na laini. Kasoro yake ni kwamba mshiko wake ni dhaifu: ngozi hiyo ikilowa maji, shabu hutoka na ngozi hurudi kuwa mbichi.

Hizo ni chumvi tatu katika ngozi ya mbuzi yule yule. Moja hukausha tu, moja hufunga kwa muda, na moja hufunga kabisa.

GLAVU ILIZALIWA KWA SABABU YA CHUMVI

Wengi hawajui kwamba glavu za mpira ziliingia katika chumba cha upasuaji kwa sababu ya mikono iliyoharibiwa na chumvi. Katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, muuguzi Caroline Hampton alikuwa akiosha mikono kwa dawa yenye kloridi ya zebaki, ambayo ni chumvi kali. Ngozi yake ikaharibika vibaya. Katika majira ya baridi ya 1889 na 1890, daktari wa upasuaji William Halsted aliiomba kampuni ya Goodyear imtengenezee muuguzi huyo glavu nyembamba za mpira. Halsted na Caroline walioana mwaka 1890, na glavu zikaenea.

La ajabu ni kwamba glavu za siku hizi hutengenezwa kwa msaada wa chumvi. Utomvu wa mti wa mpira ni maji yenye vitone vidogo mno vya mpira. Kila kitone kina chaji hasi, kwa hiyo vyote husukumana na haviungani. Kiwandani, kiolezo cha kauri chenye umbo la mkono huchovywa kwanza katika maji yenye chumvi ya nitreti ya kalsiamu, kisha katika utomvu. Kalsiamu, ile yenye mikono miwili, huizima chaji ya vitone na kuvifanya vigandamane juu ya kiolezo. Kadiri chumvi hiyo inavyokuwa nyingi ndivyo utando unavyokuwa mnene.

Baadaye chumvi hiyo hiyo huwa adui. Ikibaki ndani ya mpira huvuta maji, na maji hujitengenezea njia ndani ya utando na kuudhoofisha. Kwa hiyo glavu husuuzwa kwa maji ya moto ili mabaki ya chumvi yatoke. Mwisho minyororo hufungwa kwa salfa na joto, njia aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839. Kifungo cha salfa ndicho kinachoipa glavu uwezo wa kuvutika na kurudi.

Glavu iliyokamilika hivyo haiogopi maji ya chumvi. Adui zake ni mafuta, jua, joto na mikwaruzo, na hapo ndipo kijana wetu alipokosea.

KOSA LA KIJANA

Nilimwomba anieleze siku yake ya kazi tangu asubuhi. Alianza kwa kujipaka mafuta mazito ya mgando, yale yanayotokana na petroli, kwa sababu mikono ilikuwa ikimuuma. Kisha alivaa glavu nyembamba za mpira, za aina tunayotumia sisi madaktari kumpima mgonjwa. Jioni aliziosha, akazianika juani na kuzivaa tena kesho yake.

Mafuta ya petroli huingia katikati ya minyororo ya mpira, huisukuma ikaachana, na utando huvimba na kulegea. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba kondomu za mpira huo huo wa utomvu zikiguswa na mafuta ya aina hiyo kwa sekunde 60 tu hupoteza karibu asilimia 90 ya nguvu yake. Glavu ya kijana ilikaa na mafuta hayo siku nzima, kisha ikachomwa na jua, kisha ikasuguliwa na chumvi ya mawe yenye ncha kali. Matundu yaliyotokea hayakuonekana kwa macho. Maji ya chumvi yenye damu ya mbuzi yakapenya, yakabaki yamefungiwa humo kwenye ngozi iliyopasuka.

NGOZI YAKO NAYO NI UTANDO

Tabaka la juu la ngozi ya mwanadamu limejengwa kwa polima iitwayo keratini. Linalolifanya liwe laini ni maji kidogo yaliyomo ndani yake, na mafuta ya asili huyazuia maji hayo yasitoke. Maji ya chumvi nyingi huyavuta maji hayo nje, huku kulowa na kukauka kila mara kukiyaondoa mafuta. Utando hukakamaa, na mtu akikunja vidole unapasuka.

Hapa yapo makosa ya kipimo ambayo huyaona mara nyingi. Watu husema, "Mbona hospitalini kidonda huoshwa kwa maji ya chumvi?" Ni kweli. Lakini maji yale yana gramu 9 tu za chumvi katika lita moja, sawa na uchumvi wa mwili wako, na ndiyo maana hata katika dripu hutiwa. Maji yaliyoshiba chumvi kabisa huwa na gramu 360 hivi kwa kila lita ya maji, yaani mara 40. Ya kwanza husafisha bila kuumiza. Ya pili huua seli changa ambazo zilikuwa zikijenga ngozi mpya. Kila jioni kijana alipokitia kidonda chumvi kavu, alikuwa akiibomoa kazi ya mwili wake ya siku nzima.

CHUMVI HAIUI KILA KIJIDUDU

Sasa turudi kwa ile homa. Kwa wiki tatu kijana alikuwa akipata homa kila jioni, jasho jingi usiku, maumivu ya kiuno na magoti, na uchovu usioisha. Alikuwa amenunua dawa za malaria mara mbili bila kupimwa. Nairobi iko juu sana, na malaria inayopatikana humu humu mjini si nyingi. Homa isiyopimwa isiitwe malaria.

Kipimo cha damu kilionyesha brusela. Mbuzi huweza kubeba ugonjwa huu bila kuonekana mgonjwa. Mwanadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, au vijidudu vinapoingia kupitia mikwaruzo, macho au pumzi anaposhika damu, na hasa kizazi cha mbuzi mwenye mimba. Mikono yenye nyufa ni mlango ulioachwa wazi.

Wafanyakazi wengi huamini kwamba ngozi iliyotiwa chumvi imekwisha kuwa salama. Sivyo. Chumvi huzuia uozo, lakini kuzuia uozo si kuua kila kitu. Wapo bakteria wanaoishi kwa raha ndani ya chumvi, na ndio wanaoleta madoa mekundu kwenye ngozi zilizohifadhiwa vibaya. Mbegu za kimeta haziuawi na chumvi. Huweza kukaa kwenye ngozi au udongo kwa miaka mingi. Dalili yake mkononi ni kipele kinachogeuka kidonda chenye kitovu cheusi, mara nyingi bila maumivu. Ukikiona, usikitumbue. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo na useme kwamba kazi yako ni ya mifugo au ngozi.

Kijana tulimpasua kidole usaha ukatoka, akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa dawa za kidonda. Kwa brusela alimeza doksisaiklini na rifampisini kwa wiki sita. Nilimwonya mapema kwamba rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, ili asiogope akaziacha. Wengi huacha dawa hizi homa inapotulia katika wiki ya pili, na ugonjwa huwarudia.

USHAURI WANGU

Kwa wewe unayefanya kazi kichinjioni, buchani, kwenye chumvi au samaki, na hata unayefua nguo kutwa:

1. Glavu nyembamba za daktari ni za kutumia mara moja na kutupa. Kwa kazi ya chumvi na ngozi, nunua glavu nene. Za nitrili zinafaa zaidi, kwa kuwa hustahimili mafuta kuliko za mpira wa utomvu.

2. Usijipake mafuta ya petroli kabla ya kuvaa glavu za mpira. Onyo hilo hilo ni kwa watumiaji wa kondomu za mpira: usitumie mafuta ya kujipaka wala ya kupikia.

3. Kabla ya kazi, jaza glavu nene maji na uikamue kidogo. Ikitoa hata tone moja, itupe. Baada ya kazi ioshe kwa maji safi na uianike kivulini.

4. Maliza kazi kwa kuosha mikono kwa sabuni na maji safi, ukaushe vizuri, kisha ndipo upake mafuta. Usiku ndio wakati mzuri, glavu ikiwa mbali.

5. Ukikatwa na kisu, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, ufunge kwa kitambaa safi. Usitie chumvi kavu, majivu wala mafuta ya gari. Uliza kuhusu sindano ya pepopunda.

6. Mnyama aliyekufa mwenyewe asichunwe, hata kama ngozi yake ina bei. Mwite daktari wa mifugo.

7. Chemsha maziwa, yawe ya mbuzi, ngamia au ng'ombe.

8. Homa ikizidi siku mbili, pimwa. Mweleze daktari kazi yako hata asipokuuliza.

Kwa wenye vichinjio na mabohari ya ngozi nina neno moja. Jozi moja ya glavu nene hugharimu kidogo kuliko siku chache za kazi zinazopotea mfanyakazi akiugua. Kijana wangu alikosa kazi karibu wiki tatu, na yeye hulipwa kwa siku.

Alirudi kuniona dawa zilipoisha. Kidole kilikuwa kimepona kikabaki na kovu, homa ilikuwa imekwisha, na viganja vilikuwa laini. Alikuja na glavu zake mpya nene ili nizikague. Tulizijaza maji kwenye sinki, tukazikamua, na hazikuvuja.

Kwaheri hadi wiki ijayo.